Nabiswa Ashuka Kitini: Saisi wa Farasi Wanne wa Shauri Moyo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Nabiswa anastaafu baada ya kuitumikia Gurudumu Nne kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 kama mfagiaji wa banda. Anatoka akiwa saisi mkuu, yaani mwendeshaji na mtunzaji wa farasi wa kampuni, na mtu wa pekee ninayemjua Eastlands nzima hapa Nairobi aliyepita na farasi wanne katikati ya Jogoo Road mchana kweupe bila kumwangusha bibi harusi hata mmoja.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Kavutha, fundi wa ngozi. Meneja wetu Muriuki alisema kwamba kwa kuwa mimi huongea siku nzima bila kulipwa, safari hii niongee kwa maandishi. Haya basi. Asiye na subira afungue ukurasa wa mwisho, hapo ataona saa ya pilau.

Kwa wageni ambao hawatujui, Gurudumu Nne ni ule ua wenye lango la buluu pale Shauri Moyo, upande wa kuelekea Gikomba. Siku hizi tunakodisha mahema na viti, tunatengeneza mikokoteni, na mimi nashona mikanda ya punda. Lakini kampuni ilianza na kitu kimoja tu: gari la abiria la zamani, la kuvutwa na farasi wanne, la aina ile iliyobeba barua na wasafiri huko Ulaya kabla reli haijafika. Marehemu Mzee Muriuki, baba yake meneja, alilikuta ghalani katika shamba moja la Molo, kuku wakitagia kwenye viti. Akalinunua, akalileta Nairobi juu ya lori, na mtaa mzima ukaamini kwamba amerukwa na akili.

Hakurukwa na akili. Alijua watu wa huku wanapenda harusi ionekane. Mtu wa mitaa ya Jericho au Mbotela akioa, anataka hata yule jirani waliyegombana naye kuhusu bomba la maji atoke nje atazame. Na kuna nani atakayebaki ndani farasi wanne wakipita?

Shida ilikuwa kuwapata hao farasi. Mzee Muriuki alikuwa na picha za magari kama lile ukutani mwa ofisi, na katika kila picha farasi wote wanne walifanana kama mayai ya trei moja. Alitaka Cleveland Bay, wale wa rangi ya kahawia wenye miguu myeusi waliovuta magari ya Waingereza. Akaulizia namna ya kuwaleta, akaambiwa gharama, akaachana nao. Kisha akataka Friesian, wale weusi wa Uholanzi wenye manyoya marefu ya shingo. Akaambiwa gharama, akaachana nao pia. Mwishowe tukapata tulichopata. Wawili walikuwa Thoroughbred waliostaafu mashindano ya mbio, Kombora na Chenga. Wengine wawili walitoka shamba moja la Nanyuki, machotara wenye damu ya Boerperd, farasi wa wakulima wa Afrika Kusini, wenye vifua vipana na roho za polepole. Siku ya kufika waliingia moja kwa moja jikoni kwa mpishi wetu wakaangusha vyombo vyote, na ndiyo maana wakaitwa Debe na Sufuria.

Nabiswa wakati huo hakuwa amemgusa farasi maishani mwake. Alikuwa ametoka Kimilili kutafuta kazi ya kiwandani, akazunguka Industrial Area hadi soli za viatu zikamwisha, akapita kwetu akaona lango liko wazi. Aliingia kuomba maji ya kunywa. Mzee Muriuki akampa maji, kisha akampa ufagio, na kwa miaka miwili wakajifunza kazi pamoja, tajiri na mfagiaji, wakianguka kwa zamu.

Hapa niwaeleze kidogo, maana nyinyi mlikuwa mkitazama riboni tu. Farasi wanne wa gari si farasi wanne waliofungwa pamoja basi. Wawili wa mbele ni wepesi na hawana woga, kwa sababu wao ndio wanaofungua njia, na farasi mwoga humweki mbele hata awe na nguvu za trekta. Wawili wa nyuma, walio jirani na magurudumu, ni wazito na watulivu, na wao ndio wanaolizuia gari kwenye mteremko na kulipindisha kwenye kona. Halafu kila mmoja ana upande wake. Kombora alikuwa mbele kushoto, Chenga mbele kulia, Debe nyuma kushoto, Sufuria nyuma kulia. Farasi aliyezoea kulia ukimhamishia kushoto ni sawa na kumwambia mtu abadilishe upande wa kitanda baada ya ndoa ya miaka ishirini. Hata bandani Nabiswa aliwalaza kwa mpangilio huo huo. Alisema wanaovuta pamoja lazima wale pamoja, ili mmoja akipumua mwenzake amsikie.

Hatamu zote nne hukaa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Wa kulia unabaki na mjeledi, na huo mjeledi Nabiswa aliubeba kwa heshima tu. Sijawahi kumwona akiutumia, isipokuwa siku moja alipofukuza mbwa wa soko la Burma aliyetaka kupanda garini na maharusi.

Sasa msidhani hakukosea. Chenga alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso, kubwa kama sahani, na doa hilo lilimnyima Mzee Muriuki usingizi, kwa sababu lilimharibia picha. Kukawa na harusi ya watu wa Jericho, familia kubwa, wapiga picha watatu. Nabiswa kwa kutaka kumfurahisha mzee akachukua rangi ya viatu ya kahawia, akalipaka doa lile hadi likapotea kabisa. Wee! Farasi wakalingana, mzee akatabasamu hadi masikioni. Wakafika kanisani salama. Bibi harusi akashuka, akamwendea Chenga kwa ajili ya picha, akamkumbatia shingo na kulaza shavu lake pale pale penye doa. Aliingia kanisani nusu ya uso ikiwa ya kahawia na mkono mmoja wa gauni pia. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama msichana ameanguka matopeni. Bibi harusi alipojiona kwenye kioo cha mkobani alicheka hadi mchungaji akalazimika kukaa chini angoje.

Tangu siku hiyo Nabiswa aliachana na mambo ya rangi. Akawa anawalinganisha farasi kwa hatua. Alisema macho ya wageni hutazama rangi kwa dakika moja, lakini hatua zisipolingana mgongo wa abiria huumia safari nzima. Miezi mingi aliwatembeza wawili wawili uwanjani Kaloleni, asubuhi, akisikiliza tu kwato, hadi wanne wale wakawa wanakanyaga kama mtu mmoja mwenye miguu mingi.

Halafu kuna siku ya kipenga. Kombora hakuwahi kusahau kwamba alikuwa wa mbio. Tulikuwa tunapita karibu na City Stadium na maharusi ndani, mpira unachezwa, na refa akapuliza kipenga kikali sana. Kombora akakumbuka ujana wake. Chenga naye, kwa kuwa mwenzake ameondoka, akaondoka. Bwana harusi alishika kiti, bibi harusi alimshika bwana harusi, na kofia ya msimamizi wao ilibaki barabarani na nadhani iko huko hadi leo. Mtu mwingine angevuta hatamu za mbele hadi vidole vikatike. Nabiswa hakuwasemesha wa mbele hata kidogo. Aliongea na wale wawili wa nyuma, polepole, kama mtu anayeagiza chai. Debe na Sufuria wakakaza miguu, wakaegemea mikanda yao, wakakataa kwenda. Wa mbele walivuta, wa nyuma walikataa, na baada ya muda Kombora akaona aibu akatulia.

Vijana wa vibanda waliokuwa wakitazama walishangilia kuliko walivyoshangilia mpira. Kuanzia hapo jina lake mtaani likawa Buda Breki, yaani Mzee Breki. Alikuwa hawezi kupita bila kusikia niaje Buda Breki kutoka kila upande, naye anajibu kwa Kiswahili chake cha Kimilili kwamba ni salama, na nyinyi vijana mmekunywa chai? Walikuwa wanajibu wamekunywa hata kama hawajanywa.

Na kuna bawabu wa ukumbi mmoja, sitaji ni upi, aliyekataa kabisa gari liingie bila kuandikwa. Akatafuta nambari ya usajili mbele, akatafuta nyuma, akainama hadi chini, akakosa. Mwishowe akaandika kitabuni kwamba limeingia gari la kahawia lenye miguu kumi na sita. Nabiswa alisimulia hadithi hiyo kwa miaka yote, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hajafika mwisho.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka picha yake nzuri ya kuweka ukurasa wa mbele. Nikapiga simu kwa maharusi wetu wa zamani, wengine sasa wana watoto wa chuo kikuu, na wote walinitumia picha kwa moyo mkunjufu. Nimepokea mamia. Gari lipo, farasi wapo, maua yapo. Nabiswa ni kiwiko. Kwenye picha nyingine ni kofia. Kwenye moja ni buti na ncha ya mjeledi. Wapiga picha walikuwa wanamkata, kwa sababu waliitwa kupiga picha za maharusi, na saisi hukaa juu mbele, peke yake, amewapa mgongo watu wote wanaofurahi. Miaka thelathini na mmoja amekuwa kwenye kila sherehe ya mtaa huu na uso wake haumo. Ile iliyo ukurasa wa mbele niliipiga mimi wiki iliyopita kwa simu yangu, akiwa amekunja uso kwa sababu ya jua.

Kwa upande wa nyumbani, Mzee Nabiswa anaishi Mbotela, chumba kile kile tangu alipoajiriwa. Mkewe, Mama Ayuma, ambaye wengi wetu tulikula chapati zake, alitutoka miaka kumi iliyopita na amezikwa Kimilili. Binti yao yuko Doha kikazi na hupiga simu Jumapili. Baada ya msiba Nabiswa alikaa nyumbani wiki moja, kisha akarudi, na tangu hapo akawa anafika kazini kabla ya bawabu na kuondoka bawabu akishafunga. Sisi tuliita hiyo bidii. Tulimpa cheti cha mfanyakazi anayewahi, mara mbili, na tukampigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni kwa nini mtu hana haraka ya kwenda kwake.

Farasi nao wakaanza kutuacha. Chenga aliumwa tumbo, siku moja tu. Kombora alizeeka akalala chini asubuhi moja akakataa kuamka, na Nabiswa alimshika kichwa hadi mwisho. Harusi zikabadilika pia, vijana wakawa wanataka magari marefu meupe yenye muziki ndani, na gari letu likauzwa kwa hoteli moja ya Naivasha ambako wageni hulipanda kupigwa picha likiwa limesimama. Tukabaki na Debe na Sufuria, wazee wawili waliokwisha kupita umri wa farasi wengi, wakivuta kigari kidogo siku za sikukuu. Masika ya mwaka jana Debe naye akafa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Sufuria aliacha kula. Alikuwa anageuza kichwa kushoto, kwenye chumba cha Debe, anaita, anangoja. Anaita tena, anangoja. Daktari wa mifugo akaja, akampima kila mahali, akasema haumwi kitu. Jamani, haumwi kitu! Mifupa inahesabika, macho yameingia ndani, na haumwi kitu. Nabiswa hakubishana na daktari. Saa ya chakula ilipofika alichukua kigoda na bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe, akaingia kwenye chumba kitupu cha Debe, akakaa pale upande wa kushoto, akala. Hakumbembeleza, hakumpa sukari. Alikula tu kwa kelele, akikohoa na kujisemesha, ili asikike. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa Sufuria akashusha kichwa akala naye.

Tangu hapo hajala nasi tena. Sisi tuko chini ya bati karibu na jiko, tunacheka, tunasema watu, yeye yuko bandani na bakuli lake. Kuna wakati nilinuna, nikasema huyu mzee amewaona farasi ni bora kuliko sisi. Sijui nilitaka afanye nini. Mtu mwenyewe alikuwa ameshajua maana ya kula peke yako, na akaamua mnyama wake asiijue.

Kwa hiyo ilipofahamika kwamba muda wake wa kustaafu umefika, jambo la kwanza lililozungumzwa ua mzima halikuwa zawadi. Lilikuwa Sufuria. Nani atakaa pale? Farasi aliyeishi maisha yake yote na mwenzake ubavuni, ukimwacha peke yake katika uzee ananyong'onyea hadi anaisha. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Ndipo Mulwa, dereva wetu wa lori, akasema jambo ambalo kila mtu alishangaa hakulisema yeye: si waende wote wawili? Mzee ana shamba Kimilili, nyasi ziko, mvua iko. Meneja Muriuki alikubali hata kabla Mulwa hajamaliza sentensi. Mulwa akatengeneza lori, akaweka vizuizi vya mbao na maranda sakafuni. Mimi nikashona hatamu mpya ya ngozi laini, nyekundu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ninasema hivyo mimi mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Nilifurahi, wallahi. Niliwaona wote wawili kichwani mwangu, mzee na farasi wake jioni, hakuna aliye peke yake.

Tulimwambia wakati wa chai ya saa nne, wote tumesimama, Mulwa anachekacheka kwa furaha. Mzee Nabiswa akatushukuru mmoja mmoja kwa jina. Akaishika ile hatamu, akaigeuzageuza, akaisifu mishono yake. Kisha akasema hapana.

Alieleza kwa upole, hakutaka kutuvunja moyo. Kimilili kuna nyumba, kuna kaburi la Ayuma, kuna shamba la mahindi lililokodishwa kwa watu. Ng'ombe hakuna, mbuzi hakuna, punda hakuna. Yeye akienda kanisani, farasi yuko peke yake. Akilazwa hospitali, farasi yuko peke yake. Akifa, na mtu wa umri wake hajidanganyi, farasi atabaki kwa watu wasiojua hata anaitwaje. Alisema si haki kumpa Sufuria mwenza mmoja tu, tena mzee. Halafu akasema kwamba yeye ameshazoea kukaa peke yake. Sufuria hajazoea, na hakuna haja ya kumfundisha sasa.

Chai ilipoa. Mulwa alikwenda kusimama karibu na lori lake akijifanya anakagua matairi.

Aliyetuokoa ni Abdifatah, jirani yetu anayetuletea maji na nyasi kavu. Ana punda jike aliyestaafu kazi kwa sababu ya goti, anaitwa Bi Mkubwa, na jina linamfaa maana hana adabu kwa mtu yeyote. Nabiswa alimwendea akamwomba Bi Mkubwa ahamie bandani kwetu. Abdifatah akasema mchukue leo leo, huyo amenimalizia paa la makuti la choo. Siku ya kwanza Bi Mkubwa alimng'ata Sufuria sikio. Sufuria akamgeuzia makalio. Nabiswa akachukua kigoda chake akakaa katikati yao, na bakuli lake la githeri, akawaacha wakasirikiane.

Kuanzia siku iliyofuata kigoda kikawa kinahama. Kikatoka katikati kikawa mlangoni. Kikatoka mlangoni kikawa karibu na tangi la maji. Kikafika langoni. Sisi tulidhani mzee anafuata kivuli. Kumbe alikuwa anajiondoa, kidogo kidogo, ili pengo lake lisishtue mtu. Nilipotambua hivyo nilijichoma sindano, mimi ambaye huwa sijichomi.

Jumatatu ya wiki hii alitoka nje kabisa ya lango, akasimama barabarani kati ya mikokoteni mahali ambapo Sufuria hawezi kumwona wala kumsikia. Kutoka kwenye meza yangu ya kazi niliwaona wote wawili. Sufuria akainua kichwa. Akageuka kushoto. Nikaacha kushona. Mungu anisamehe, nilitamani aite. Nilitamani apige kelele hadi Gikomba wasikie, mzee akimbie arudi, na mambo yawe kama yalivyokuwa. Sufuria akanusa upande ule, akamkuta Bi Mkubwa anatafuna nyasi kwa fujo zake. Akamnusa shingo. Kisha akashusha kichwa akala.

Baada ya muda Nabiswa aliingia akaja kwangu, akaniuliza kama Sufuria ameita. Nikamwambia hapana, hakuita. Akasema vizuri. Akasema tena, vizuri sana. Akachukua koti lake akaenda nyumbani na jua bado lilikuwa juu. Mimi nililia pale pale juu ya ngozi za watu, na sioni haya kuliandika hilo katika kijitabu hiki.

Nilipomaliza kulia nilikwenda kwa meneja. Nikamwambia sisi ni watu wa ajabu sana. Farasi tumemhangaikia, tumemtafutia mwenza, tumepanga nani atakaa upande gani. Mtu tumemnunulia saa ya ukutani. Muriuki akasema basi sema tufanye nini. Na jibu, jamani, lilikuwa limeegeshwa uani.

Kwa hiyo tangazo kwa wafanyakazi wote: lori la Mulwa linaondoka Jumamosi alfajiri kwenda Kimilili kama lilivyopangwa. Maranda yameondolewa, viti vya plastiki vimewekwa, kila mtu aje na blanketi na sahani yake. Tutamfikisha hadi mlangoni. Tutafagia nyumba, tutawasha jiko, tutalala huko huko mahali popote patakapopatikana. Tutapita kwa majirani nyumba kwa nyumba kuwaambia huyu aliyerudi ni nani, amefanya nini, anacheka vipi, maana yeye mwenyewe hatawaambia. Mzee hajaulizwa kuhusu mpango huu. Anausoma hapa pamoja nanyi, na akikataa tutapanda tu.

Mzee wetu Nabiswa, asante. Asante kwa kila mtoto uliyemnyanyua hadi kitini ashike hatamu, kwa kila mwanafunzi wa kazi uliyemsahihisha bila kumfokea, kwa kila asubuhi tuliyoingia tukakuta umeshafungua madirisha ya banda. Umetufundisha kazi, na wiki hizi tatu umetufundisha jambo jingine ambalo sitalitaja jina kwa sababu nitalia tena.

Jumapili mchana itabidi turudi, kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Utatusindikiza hadi barabarani, utatupungia mkono, lori litakata kona. Nimeigeuza saa hiyo ya kuagana kichwani kila upande na sijapata la kuifanya. Umbali ni mkubwa na sisi ni vibarua wa watu. Nakuambia ukweli huu mbele ya wageni ili usije ukafikiri hatukuiona.

Tunakuombea afya ya kutembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi, mvua ya kutosha, usingizi mzuri, na jirani anayeingia bila kubisha hodi.